Puani au fuvuni? Njia za kutoa uvimbe wa tezi ya pituitari, zikilinganishwa

Makanga ndiye aliyeugundua ugonjwa, kabla ya daktari yeyote. Kaka yangu alikuwa ameendesha matatu ya Nakuru–Kisumu kwa miaka 14, kisha akaanza kuvunja vioo vya pembeni. Cha kwanza kilienda Salgaa, cha pili Kericho, cha tatu hapa hapa stejini Nakuru gari likirudi nyuma polepole. Ikafika mahali makanga ananing'inia mlangoni akipiga kelele, "Dere, kushoto kuna nduthi!" na dere haoni nduthi wala mwenye nduthi. Akanunua miwani mara mbili. Haikufaa kitu, kwa kuwa macho yalikuwa mazima. Zilizobanwa ni neva zinazobeba picha kutoka machoni, na kilichozibana ni uvimbe wa milimita 28 kwenye tezi ya pituitari, tezi ya homoni iliyo chini ya ubongo.

Mimi hufundisha biolojia sekondari, basi familia ikaamua kwamba ndimi daktari wa nyumbani. Nikakabidhiwa bahasha ya picha za kichwa za MRI pamoja na maswali ya ukoo mzima. Daktari bingwa mmoja alitaka kuutoa uvimbe puani kwa kamera. Wa pili alitaka kupita huko huko puani, ila kwa hadubini. Mjomba wetu, ambaye hajawahi kushika hata bomba la sindano, alisema kitu cha kichwani hutolewa kwa kufungua kichwa, na anayesema vingine anatafuta pesa. Wiki tatu nilisoma na kuuliza. Niliyoyapata nimeyaandika hapa kwa ajili ya yule ambaye bahasha yake imefika wiki hii.

Ilivyokaa tezi

Tezi ni ndogo kama punje ya minji. Imelala kwenye kishimo cha mfupa katikati ya kichwa, nyuma kabisa ya pua. Juu yake neva za macho hupishana. Uvimbe ukikua kwenda juu hubana pale zinapopishana, na mtu hupoteza pande za nje: jicho la kushoto halioni kushoto, la kulia halioni kulia. Dereva wa matatu hula kwa pande hizo. Ubavuni mwa tezi, huku na huku, inapita mishipa ya karotidi inayolisha ubongo damu, ikiandamana na neva zinazozungusha macho. Mbele na chini ya kishimo kuna chumba kitupu cha hewa ndani ya mfupa wa sfenoidi, na chumba hicho kinafungukia puani. Kwa hiyo ya puani ni njia ambayo nusu yake ilikuwa imeshachimbwa kabla ya daktari kufika.

Uvimbe huu kwa kawaida si saratani. Ukiwa chini ya milimita 10 huitwa mdogo, ukifika 10 na kuendelea ni mkubwa, ukipita 40 ni jitu. Aina nyingine humwaga homoni: ya ukuaji, mikono na taya vikapanuka, au ile inayoamsha kotisoli, uso ukawa wa duara na sukari na presha vikapanda. Nyingine hazimwagi chochote, hukua kimya kimya hadi macho yalalamike. Wa kaka yangu ulikuwa wa aina hiyo ya kimya. Ila hilo hatukulijua kwa kutazama picha. Tulilijua kwa damu.

Kabla ya kisu, prolaktini

Hapa nitakawia kidogo, maana ndipo pesa na vichwa vya watu huweza kupotea bure. Uvimbe wa pituitari unaotoa prolaktini, ile homoni ya maziwa, kwa wagonjwa walio wengi hutibiwa kwa vidonge. Kabergolini humezwa mara moja au mbili kwa wiki, na uvimbe mkubwa huweza kunywea bila mtu kulazwa. Mwanamke aliyekosa hedhi na maziwa yakamtoka hali hanyonyeshi, au mwanamume aliyepoteza hamu ya ndoa, apimwe prolaktini kabla hajaanza kuulizia bei ya upasuaji wowote.

Kipimo chenyewe kina mitego miwili. Uvimbe wa aina yoyote ukibana shina la tezi huipandisha prolaktini kidogo, kwa kawaida bila kupita nanogramu 100 kwa mililita. Mtu akiwa na uvimbe mkubwa na prolaktini 60, huenda uvimbe wake hauhusiki na prolaktini hata kidogo, na vidonge havitaunyweza. Mtego wa pili umegeuka upande wa pili: prolaktini ikiwa nyingi kupita kiasi, mashine ya maabara hulemewa ikatoa namba ndogo ya uongo. Dawa yake ni kuizimua sampuli na kuipima upya. Uvimbe ukiwa mkubwa, iombeni maabara ifanye hivyo. Sisi tuliomba, kijana wa maabara akatutazama kama watu tulioleta mapishi yetu hotelini, lakini akafanya. Namba ikatoka ile ile, ndogo. Vidonge vikaondoka kwenye hesabu, zikabaki njia za kisu.

Ipo hali moja isiyongoja ulinganisho wowote. Kichwa kikipasuka kwa maumivu ya ghafla, macho yakafifia au kope ikaanguka, huenda uvimbe umevuja damu ndani yake. Huyo hupelekwa hospitali saa hiyo hiyo, hata kama miadi yake ni kesho.

Kufungua fuvu

Mjomba hakuwa amekosea kabisa, amechelewa tu. Mwaka 1889 Victor Horsley wa London aliufikia uvimbe wa pituitari kwa kufungua fuvu, na kwa miongo kadhaa hiyo ilibaki njia kuu ya madaktari wengi. Leo, wagonjwa zaidi ya 9 kati ya 10 wanaopasuliwa tezi hii hupitia puani, na fuvu limeachiwa wenye uvimbe wa umbo lisilokubali.

Umbo gani? Fikiria kibuyu: kiuno chembamba kwenye mlango wa kishimo, na tumbo kubwa juu ndani ya ubongo. Ukivuta kutoka chini, tumbo halishuki. Au uvimbe uliotambaa pembeni ukaenda mbali kupita karotidi, au uliokumbatia mishipa ya damu, au ulio mgumu kama mpira na haufyonzeki. Hapo daktari hukata ngozi nyuma ya mstari wa nywele, huinua kipande cha mfupa karibu na kipaji cha uso, na kuusogeza ubongo kidogo ili apite chini yake. Wengine hupita kwa mkato mdogo kwenye nyusi.

Faida yake ni kwamba anaziona neva za macho na mishipa ana kwa ana, kutoka juu, na hagusi pua. Gharama yake ni ubongo kusogezwa, na kusogezwa huko huweza kuleta kifafa au kuufanya ubongo uvimbe. Neva za kunusa ziko njiani. Kulazwa ni kwa siku nyingi zaidi, na kupona huhesabiwa kwa wiki nyingi. Mgonjwa ambaye uvimbe wake unafikika puani sioni kwa nini achague fuvu. Daktari akilitaja fuvu, mwambieni awaonyeshe kwenye picha ya MRI ni sehemu gani ambayo pua haifiki. Anayejua kazi yake ataweka kidole pale pale.

Puani kwa hadubini

Njia ya puani ina hadithi ya kufa na kufufuka. Hermann Schloffer aliifanya mara ya kwanza mwaka 1907 huko Innsbruck. Harvey Cushing wa Marekani akaiboresha kwa kuingilia chini ya mdomo wa juu, na kati ya 1910 na 1925 akapasua wagonjwa 231 hivyo, waliokufa wakiwa asilimia 5.6. Kwa zama ambazo penisilini haikuwepo, hiyo ni kazi ya mikono ya ajabu. Kisha Cushing mwenyewe akaiacha akarudi kwenye fuvu, na karibu dunia nzima ikamfuata. Mwanafunzi wake Norman Dott aliendelea nayo kule Edinburgh. Dott akamfundisha Gérard Guiot wa Paris, Guiot akamfundisha Jules Hardy wa Montreal, na Hardy katika miaka ya 1960 akaleta hadubini ya upasuaji. Ukitazama mnyororo huo utaona njia nzima ilining'inia kwa watu wachache.

Kwa hadubini, daktari huingiza chombo cha kutanua kinachoshikilia njia wazi kutoka puani, au kutoka chini ya mdomo wa juu, hadi kwenye mfupa wa sfenoidi. Hadubini hukaa nje, ikimulika ndani. Daktari hutazama kwa macho mawili, kwa hiyo anaona kina: lipi liko mbele, lipi liko nyuma. Mikono yake miwili iko huru. Anaweza kufanya peke yake, na mara nyingi humaliza mapema.

Udhaifu ni kwamba anaona kama atazamaye ndani ya bomba. Kilicho mbele ya bomba kinaonekana vizuri sana, lakini kilichojificha kwenye kona hakionekani, na sehemu hiyo hukwanguliwa kwa kupapasa. Aliyepasuliwa chini ya mdomo huweza kubaki na ganzi kwenye meno ya juu kwa muda. Pua huzibwa kwa pamba au sifongo, na wengi niliosikia habari zao waliisimulia siku ya kutolewa pamba kwa uchungu kuliko upasuaji wenyewe.

Puani kwa kamera

Endoskopu ni fimbo nyembamba ya milimita 4 yenye lenzi na taa kwenye ncha. Hadubini inamulika kutoka nje. Endoskopu inaingia ndani hadi mbele ya tezi, na picha hutokea kwenye skrini. Lenzi nyingine zimeinamishwa kwa nyuzi 30 au 45, kwa hiyo daktari anachungulia kona, akauona ukuta ulio kando ya karotidi na paa la kishimo. Mwaka 1997 Jho na Carrau wa Pittsburgh walitangaza wagonjwa 50 waliopasuliwa hivyo, na tangu hapo hospitali nyingi zimehamia huko.

Tundu zote mbili za pua hutumika. Daktari wa pua, masikio na koo hufungua njia na kushika kamera, wa ubongo hutoa uvimbe. Mikono minne. Hapa ndipo swali la wagonjwa wa kwetu lilipo, kwa sababu kamera inaweza kununuliwa kwa mwezi mmoja, lakini madaktari wawili waliozoeana ndani ya pua moja hawanunuliwi. Picha ya skrini ya kawaida ni bapa, haina kina. Daktari hukijifunza kina kwa kusogeza kamera mbele na nyuma, na kujifunza huko huchukua wagonjwa wengi. Damu ikirukia lenzi, haoni kitu mpaka aisafishe. Sehemu ya nyuma ya ukuta unaogawa pua hukatwa, kwa hiyo magamba, kuziba na kupungua kwa kunusa huweza kudumu wiki kadhaa.

Kamera ina faida moja kubwa kwa uvimbe mkubwa. Maji ya ubongo yakivuja, utando wa ukuta wa pua hukatwa ukiwa bado na mshipa wake wa damu, ukageuzwa na kufunika tundu. Mbinu hiyo ilielezwa mwaka 2006, na imefanya uvimbe uliokuwa wa fuvu kuwa wa puani.

Je, kamera inatoa uvimbe vizuri zaidi?

Kidogo kuliko wauzaji wa kamera wanavyosema. Utafiti ulioitwa TRANSSPHER, katika vituo 7 vya Marekani, uliwafuatilia wagonjwa wa uvimbe wa aina ya kimya, yaani aina ya kaka yangu. Uvimbe ulitolewa wote kwa wagonjwa kama asilimia 80 kwa hadubini na 84 kwa kamera, tofauti ambayo kitakwimu haina uzito. Walipopima homoni baada ya miezi 6 ndipo pengo likaonekana: waliopoteza homoni mpya walikuwa asilimia 28 hivi upande wa hadubini, na 10 hivi upande wa kamera. Kwangu namba hii ya pili ndiyo yenye uzito. Kupoteza homoni ni kumeza haidrokotisoni na dawa ya thairoidi kila siku ya maisha yako, na kuzinunua.

Hata hivyo madaktari wa hadubini kwenye utafiti ule walikuwa wakongwe wa kazi hiyo. Linganisha hilo na takwimu za hospitali za Marekani za 1996 hadi 2000, ambako vifo na matatizo yalikuwa machache kwa madaktari na hospitali zenye wagonjwa wengi wa aina hii. Nikiviweka pamoja, mimi husema hivi: kati ya mikono miwili iliyozoea sawa, chukua kamera. Kati ya hadubini iliyoshikwa miaka 20 na kamera iliyofika juzi, nenda kwa hadubini, na usimwonee haya mtu anayekuambia umechagua kitu cha zamani.

Kuuliza idadi si utovu wa adabu. Mimi nilisema, "Daktari, samahani, kwa mwaka mmoja hivi huwa unawafanyia wangapi wa aina ya huyu?" Mmoja alitaja idadi na kuongeza, bila kuulizwa, ni wangapi walivujisha maji ya ubongo. Wa pili alisema tusiwe na wasiwasi. Tulimchagua wa kwanza, na ikatokea kwamba ndiye wa kamera.

Mtu wa Nakuru ana pande mbili za kwenda: Eldoret, iliko Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, au Nairobi, iliko Kenyatta na hospitali za kibinafsi. Umbali ni kilomita 150 na ushei kila upande, kwa hiyo nauli isikuamulie. Wa Kisumu wengi huanzia Jaramogi, ambayo wazee bado huiita Russia kwa kuwa Wasovieti ndio waliisaidia kujengwa. Popote uendapo, beba CD ya picha pamoja na ripoti, na makadirio ya gharama yaombe kwa maandishi: upasuaji, chumba cha wagonjwa mahututi, damu, dawa, na kile ambacho SHA, bima ya afya ya serikali, italipa. Tuliambiwa bei kwa mdomo mara moja, ikazaa watoto njiani.

Baada ya kutoka

Njia zote tatu zinashiriki hatari kadhaa, na hizi ni lazima zijulikane na yule atakayelala chumba kimoja na mgonjwa. Wodini tulipewa jagi la kupimia mkojo. Tezi iliyoguswa huweza kusahau kuzuia maji, mgonjwa akakojoa lita kwa lita za mkojo mweupe kama maji, na kiu isiyokatika. Wengi hupona ndani ya siku chache, wengine hupewa desmopresini. Kaka alikojoa hivyo siku mbili, ikaisha.

Majimaji meupe kama maji ya kunywa yakidondoka puani mtu akiinama, au ladha ya chumvi ikishuka kooni, hiyo huweza kuwa maji ya ubongo, na nyuma yake hufuata homa ya uti wa mgongo. Anarudi hospitali siku hiyo. Kwa wiki kadhaa hapulizi kamasi, hanywi kwa mrija, hainui ndoo, na chafya huipigia kinywa wazi. Wa Kisumu aliyepasuliwa Nairobi asikate tikiti ya ndege kabla ya kumuuliza daktari, kwa kuwa hewa iliyobaki ndani ya fuvu hutanuka angani.

Kitu ambacho nusura kitushinde kilikuja siku ya nane. Kaka alikuwa kwangu Section 58, anakula vizuri. Saa nane usiku akaamka akavaa viatu, akasema anaenda stejini, gari lake limefika zamu. Nikamwita, "Kaka, hakuna zamu leo." Akanijibu kwa jina la makanga wake. Asubuhi maabara ya mtaani ikapima sodiamu, yaani chumvi ya damuni: 121, na kawaida ni 135 hadi 145. Sodiamu huanguka kati ya siku ya tano na ya kumi, wakati mgonjwa ameshatoka wodini na watu wamelegea. Ni kipimo cha kawaida, hata maabara ndogo hufanya. Kiandikeni kwenye kalenda siku ya saba, hata kama mgonjwa anacheka.

Miezi mitatu baadaye upimaji wa macho ulionyesha pande zake zimerudi, kushoto vizuri kuliko kulia. MRI ikaonyesha kipande cha milimita 6 kimeachwa makusudi, kimeganda kwenye karotidi ya kushoto. Daktari alisema angeweza kukivuta, na pengine angeupasua mshipa. Kipande hicho kina njia zake tatu: kungoja, kupasuliwa tena, au mionzi iliyolengwa, ambayo haina kisu ila huchukua miezi hadi miaka kufanya kazi na huhitaji nafasi ya milimita chache kati ya uvimbe na neva za macho. Nafasi hiyo anayo. Kwa sasa amechagua kungoja. MRI nyingine ni Novemba, na sita ikibaki sita, ataendelea kupigwa picha tu.